Kalenda Moja kwa Daktari na Mgonjwa

Katika hospitali nyingi ratiba ya daktari hubandikwa ukutani, tarehe ya kurudi huandikwa kwenye kadi ya mgonjwa, na faili hukaa masjala. Kumbukumbu hizi tatu zikipishana, mgonjwa aliyelipa nauli kutoka Bashnet hadi Babati mjini hukuta daktari amesafiri.

Programu za hospitali zinaweza kuziunganisha. Mfano ni Care2x, programu huria iliyoanza mwaka 2002 na kutumiwa na hospitali kadhaa za KKKT, ambayo ina sehemu ya miadi. Kalenda ya daktari ikiunganishwa na miadi, siku zake za likizo au za upasuaji hufungwa, na karani hawezi kumpangia mgonjwa siku hizo.

Jambo moja lizingatiwe. Kompyuta huandika 9:00, sisi tunasema saa 3 asubuhi. Ujumbe wa simu wenye "9:00" unaweza kumleta mgonjwa saa 9 alasiri, kliniki imeshafungwa. Hivyo ujumbe uandikwe kwa saa zetu, na kadi ya karatasi ibaki kwa siku ambazo umeme umekatika.

Kamati za sharika na wafadhili wanapochangia kompyuta, wakumbuke pia mafunzo ya karani. Kalenda isiyojazwa kila siku haimsaidii mgonjwa.