Tufunge Banda Kabla ya Magharibi

Wahenga wetu wa Mwambao walisema kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, na akilea, vifaranga huchukuliwa na mwewe. Tuliisikia methali hii tangu utotoni, tukiicheka. Tulipohamia Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado, ndipo tulipoielewa. Alfajiri moja, tulipotoka kutia udhu, tulikuta manyoya yametapakaa uani. Kuku saba wa kienyeji walikuwa wamekwisha kufa, na wa nane akihema kando ya ukuta. Mayai yao ndiyo yaliyolipia ada ya chuo ya watoto.

Jambo la kwanza lililotukabili lilikuwa la sharia. Aya ya tatu ya Suratul Maida huharamisha mnyama aliyeliwa na mnyama mkali, ila yule tuliyewahi kumchinja angali hai. Basi yule wa nane alichinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu, akaliwa. Wale saba tuliwazika shimoni, kwani mzoga uliotupwa jaani humwita adui arudi usiku wa pili.

Adui mwenyewe ni nani? Mji wetu umepakana na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, ambayo upande wake wa kusini hauna ua. Wanyama hutoka wakaenda nyanda za Athi na Kapiti. Usiku huja mbweha mwenye mgongo mweusi, kanu na nyegere. Mchana huja mwewe na nguchiro. Yuko pia mbweha mwenye masikio makubwa, lakini huyo chakula chake hasa ni mchwa na wadudu. Tusimtwike dhambi ya mwenziwe.

Jirani mmoja alitushauri tutie sumu ya wadudu ndani ya yai, tuliache uani. Tulikataa. Sumu haichagui: hufa mbweha, kisha tai aliyemla mbweha, kisha mbwa wa watu, na huenda mkono wa mtoto ukalifikia yai lile kabla yao wote. Kuku ni mali. Roho ya mtoto haina badali.

Tuliporudi kulitazama banda, tuliiona kasoro yetu wenyewe. Wavu mwepesi wa kuku humzuia kuku asitoke. Haumzuii mbweha asiingie. Tukaweka wavu wa chuma kigumu wenye matundu ya nusu inchi, tukaufukia futi moja ardhini na kuukunja kuelekea nje, kwa kuwa mbweha na nyegere huchimba pale pale ukuta unapoanzia. Juu tuliezeka mabati, kwa ajili ya kanu anayepanda. Mlango tuliupa makomeo mawili. Mchana vifaranga hukaa chini ya tenga, na kuku wakubwa tumewaachia vichaka vya kujifichia mwewe apitapo.

Wengine watauliza habari ya mbwa. Mtume (s.a.w.) aliruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa shamba. Basi akae nje, apewe chakula na maji yake, na chombo chetu akikilamba kioshwe mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofunzwa katika madhehebu ya Shafi.

Taa nazo husaidia. Richard Turere, kijana wa Kimaasai wa Kitengela, alibuni angali mtoto taa za kumwekamweka zilizowaepusha simba na zizi la baba yake. Mwaka 2013 aliitwa Marekani kuueleza ubunifu huo. Alitambua kwamba simba huogopa mwanga unaosogea, kwa kuudhania mtu aliye macho. Lakini taa haishiki nafasi ya komeo.

Mtume (s.a.w.) alitufunza kuwazuia watoto ndani giza linapoingia, na kufunga milango kwa kumtaja Mwenyezi Mungu. Nasi tumeona vyema adabu hiyo iwafikie na kuku. Sasa, kabla ya adhana ya Magharibi, binti yetu huwahesabu mmoja mmoja, hufunga makomeo yote mawili, kisha huja kuswali.

Methali ile tungali tunaisema. Ila tumejua kwamba si kila hasara ya maskini ni majaaliwa. Nyingine ni mlango aliousahau.