MRI ya umetaboli wa uvimbe

MRI ya umetaboli ni mbinu ya kupiga picha za mwili inayoonyesha jinsi uvimbe unavyotumia nishati, si umbo na ukubwa wake tu. Hutumika zaidi katika utafiti wa saratani.

Msingi wake

Chanzo kikuu cha nishati ya seli ni glukosi, yaani sukari iliyomo katika damu. Kwanza huvunjwa kuwa piruvati. Kwa kawaida, oksijeni ikiwapo, piruvati huingia katika mitokondria na kuchomwa hadi mwisho. Lakini seli nyingi za saratani hugeuza sehemu kubwa ya piruvati kuwa laktati hata oksijeni ikiwa ya kutosha, mithili ya jiko linalokula kuni nyingi na kuacha vijinga. Kwa kuwa njia hiyo hutoa nishati kidogo, seli hizo hunyonya glukosi nyingi zaidi. Jambo hilo lilielezwa na Mjerumani Otto Warburg katika miaka ya 1920, nalo huitwa athari ya Warburg.

Mbinu

MRI ya kawaida hutumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio kupokea ishara za hidrojeni iliyomo katika maji na mafuta ya mwili. Spektroskopia ya MRI huenda mbali zaidi: hutambua kemikali kama kolini na laktati ndani ya uvimbe, kwa mfano wa ubongo.

Mbinu mpya zaidi hutumia piruvati yenye kaboni-13, isiyo na mnururisho. Piruvati hiyo hupozwa hadi karibu na nyuzi −272 za Selsiasi ndani ya sumaku, kisha huyeyushwa haraka na kudungwa mshipani. Ishara yake huongezeka zaidi ya mara 10,000, lakini hufifia ndani ya dakika chache. Katika muda huo mfupi mashine huonyesha ni wapi piruvati inageuka kuwa laktati. Matokeo ya majaribio ya kwanza kwa binadamu, wanaume wenye saratani ya tezi dume huko San Francisco, Marekani, yalichapishwa mwaka 2013. Faida inayotarajiwa ni kujua mapema kama dawa inafanya kazi, kabla uvimbe haujaanza kupungua.

PET ni mbinu nyingine inayotumia glukosi yenye florini-18. Nusumaisha ya florini hiyo ni dakika 110 hivi.

Hali ya Kilosa na Mikumi

Mikumi ni mji wa Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Iringa, takriban kilomita 300 kutoka Dar es Salaam. Florini-18 ikisafirishwa kwa saa nne, hubaki chini ya robo. Kwa hiyo mgonjwa ndiye anayesafiri, si dawa. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, na Hospitali ya Taifa Muhimbili zipo Dar es Salaam.

Hata hivyo, picha za umetaboli si hatua ya kwanza. Limfoma ya Burkitt, inayowapata watoto wa maeneo ya Afrika yenye malaria nyingi, mara nyingi huanza kama uvimbe wa taya. Seli zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Hutambuliwa kwa biopsi, yaani kupima kipande cha uvimbe, na mara nyingi hupona kwa dawa zikianza mapema. Kwa mtoto kama huyo, kufika hospitali haraka kuna maana kuliko mashine yoyote.

Dhana potofu kuhusu sukari

Wengine hudhani kwamba mgonjwa akiacha sukari, saratani itakufa njaa. Sivyo. Mwili hutengeneza glukosi kutokana na ugali, wali na hata protini. Mgonjwa anayejinyima chakula hudhoofika na huenda akashindwa kustahimili matibabu.