Kinyago Ulichorithi Kilichongwa Wapi?

Huenda mzee wako alikuachia kinyago cha mti: tembo, simba au swala. Watoto wanapouliza kilikotoka, wengi wetu hujibu haraka, "Ni cha mababu, kilichongwa hapahapa Urambo." Je, ni kweli? Tuchunguze kwanza.

Urambo ni nchi ya njia. Zamani za Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, wakarudi na nguo na shanga. Reli ikafika Tabora mwaka 1912. Baadaye wengi walikwenda Tanga kukata mkonge. Watu walisafiri, na vitu vilisafiri pia.

Kwanza, tazama mti. Angalia chini ya kinyago, au mahali palipobanduka. Mninga wa misitu yetu una rangi ya hudhurungi. Mpingo ni mzito, na ndani ni mweusi. Kama juu ni cheusi lakini ndani ni cheupe, basi kimepakwa rangi. Lakini mti peke yake hautoshi, maana mpingo huota mahali pengi.

Pili, tazama mkono wa fundi. Wanyamwezi walichonga sanamu za watu na viti vya watemi. Wamakonde wanasifika kwa sanamu za watu na mashetani. Wakamba wa Kenya ndio wanaosifika kwa wanyama wa kuuza. Mwenzao Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza kuchonga huku Tanganyika wakati wa vita vya 1914 mpaka 1918, akarudi na ufundi huo kwao. Kwa hiyo, kama tembo wako anafanana sana na wale wa madukani, huenda alinunuliwa safarini.

Tatu, waulize wazee. Nani alikuwa nacho kwanza? Alifanya kazi wapi? Kilikuwa cha pambo au cha tambiko? Andika majibu katika daftari, pamoja na tarehe na jina la aliyesema. Hapo ndipo kisomo kinapotufaa. Mzee akifa kabla hujaandika, hakuna wa kumuuliza tena.

Usikioshe, usikipige msasa, wala usikipake rangi. Alama za zamani ni ushahidi. Na akija mnunuzi wa vitu vya kale, usikitoe kwa bei ya kilo ya sukari. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kupeleka vitu hivyo nje ya nchi bila kibali.

Hata kama kilichongwa mbali, bado ni mali ya ukoo. Kinatuonyesha mzee wetu alifika wapi. Tukitunze.