Nozeli za pikapu ya dizeli: zicheki kabla hazijala faida ya msimu

Najua wapo watakaojiuliza bwana shamba ameingiaje gereji. Sababu ni moja: kwa mkulima wa biashara, mavuno hayajaisha mpaka yamefika sokoni. Nimeona vijana wanapambana na wadudu, ukungu na uhaba wa maji, wanavuna vizuri, halafu hela inapotelea barabarani kwa sababu pikapu ya zamani inakula dizeli kupita kiasi au inazimika na mzigo mlimani. Mara nyingi chanzo ni nozeli, vifaa vidogo vinavyokaa kiganjani.

Leo naongelea zaidi zile pikapu za zamani zenye pampu ya kawaida, isiyotumia kompyuta. Mfano ni Toyota Hilux yenye injini ya 2L, 3L au 5L, ambazo vijana wengi mnazo. Mengi ya haya yanafaa pia kwa trekta la zamani, pawatila na pampu ya dizeli ya kumwagilia, kwa sababu nozeli zao zinafanya kazi kwa namna ileile.

Nozeli inafanya nini?

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Pistoni inabana hewa zaidi ya mara 20 mpaka inakuwa ya moto sana, kisha nozeli inapuliza dizeli ndani na moto unawaka wenyewe. Ndani ya nozeli kuna sindano iliyoshikwa na springi. Pampu inasukuma mafuta. Presha ikifika kiwango kilichowekwa, sindano inanyanyuka, mafuta yanatoka kama ukungu, halafu sindano inarudi chini kwa haraka na kufunga.

Fikiria bomba lako la kupulizia dawa. Ncha ikiwa nzima, dawa inatoka kama ukungu na kusambaa vizuri kwenye majani. Ikichakaa, inatoa matone, dawa inapotea na jani linaungua. Nozeli ya gari nayo iko hivyohivyo, ila hapa kinachoungua ni kichwa cha pistoni.

Ndiyo maana usichukulie poa. Nozeli inayodondosha inaweza kutoboa pistoni kwa joto. Dizeli isiyoungua nayo inateremka kwenye kuta za silinda, inaosha oili na kusaga ringi. Hapo hutaongelea tena nozeli, utaongelea ovaholi ya injini nzima.

Kinachoziua

Nafasi kati ya sindano na nyumba yake ni ndogo mno, mara nyingi kuliko unene wa unywele. Kwa hiyo adui wa kwanza ni uchafu. Wa pili ni maji, yanayoleta kutu. Wa tatu ni mafuta yaliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu na nozeli, na mafuta ya taa hayana ulaini huo. Uchakachuaji haukuwa mzaha hapa nchini: mwaka 2010 EWURA walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwabana waliokuwa wanachanganya.

Kwetu mashambani kuna adui wa nne: dumu. Dumu lililokaa na vumbi, au lililowahi kubeba maji, linapeleka takataka moja kwa moja kwenye tangi.

Dalili zake

- Asubuhi injini inawaka kwa shida, na ikiwaka inatetemeka na kutoa moshi mweupe kabla haijatulia.
- Moshi mweusi unatoka ukikanyaga mafuta, hasa ukiwa na mzigo.
- Injini inagonga kwa sauti kali ya chuma, au inamisi ikiwa kwenye sailensa.
- Nguvu inapungua mlimani na matumizi ya dizeli yanapanda.
- Oili inaongezeka kwenye kijiti cha kupimia, na ukiinusa ina harufu ya dizeli. Ukiona hii, zima gari na usiendelee na safari.

Lakini usikurupuke. Moshi mweusi unaweza kuletwa na filta ya hewa iliyojaa vumbi. Kuwaka kwa shida asubuhi kunaweza kuwa hita plagi zimekufa. Kukosa nguvu kunaweza kuwa filta ya dizeli imeziba au mpira unavuta upepo. Moshi wa bluu mara nyingi ni oili inayoungua, na hapo nozeli haina kosa. Daktari mzuri haandiki dawa kabla ya vipimo, na wewe usinunue kipuri kabla ya kupima.

Anza na vipimo vya bure

Kwanza, chukua daftari. Jaza tangi mpaka juu, andika kilomita. Ukijaza tena mpaka juu, andika lita ulizoweka na kilomita ulizotembea. Fanya hivyo kila safari. Tuseme unatembea kilomita 200 kwa wiki, na gari lililokuwa linakula lita 12 kwa kilomita 100 sasa linakula 14. Hizo ni lita 4 za ziada kila wiki, na kwa mwaka ni zaidi ya lita 200. Zidisha kwa bei ya dizeli ya kwenu, utaona kwamba umekuwa ukichoma fedha za mbegu.

Pili, toa filta ya hewa uiangalie kwenye mwanga. Tatu, fungua koki ya chini ya filta ya dizeli, kinga kwa chupa safi inayoonyesha ndani, uache itulie. Maji yatakaa chini na dizeli juu. Nne, angalia mipira na nati zote za mafuta. Palipolowa na kushika vumbi ndipo panapovuja.

Kuitafuta silinda mbovu

Kama hayo yote yako sawa na injini bado inamisi, kuna kipimo ambacho fundi anakifanya kwa spana moja. Injini ikiwa ya moto na iko sailensa, analegeza kidogo nati ya bomba la presha linaloingia kwenye nozeli moja, huku ameifunika kwa kitambaa. Mafuta yanatokea pale badala ya kuingia kwenye silinda. Injini ikibadilika na kuzunguka vibaya zaidi, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Isipobadilika kabisa, silinda hiyo ilikuwa imelala. Na kama ule mgongo wa chuma au moshi unapotea hapohapo, nozeli hiyo ndiyo mshukiwa wa kwanza. Anakaza, anahamia inayofuata, mpaka zote nne.

Hapo bado hajathibitisha. Silinda inaweza kulala kwa sababu haina mgandamizo, au pampu haileti mafuta ya kutosha. Njia rahisi ni kubadilishana: nozeli ya silinda ya 2 iende ya 3, na ya 3 ije ya 2. Tatizo likihama na nozeli, umeshampata mhalifu. Tatizo likibaki palepale, acha nozeli, pima mgandamizo na pampu.

Tahadhari mbili kubwa, na naomba uzisome mara mbili:

1. Usiweke mkono mbele ya mafuta yanayotoka kwa presha. Yanaweza kupenya ngozi kama sindano. Kidonda kinaonekana kidogo tu, kama umechomwa na mwiba, lakini ndani nyama inaharibika na mtu anaweza kupoteza kidole au mkono. Ikitokea, nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama hakuna maumivu, na waambie wazi kuwa ni dizeli ya presha.

2. Kipimo hiki ni cha injini za zamani tu. Magari ya dizeli yanayotumia kompyuta, kama Hilux zenye injini za D-4D, yana mafuta yanayoweza kufika presha ya zaidi ya baa 1,000. Usilegeze bomba lolote hata kidogo injini ikiwa inawaka. Hizo zipelekwe kwa fundi mwenye kompyuta na vifaa vyake.

Kisa cha vitunguu vya Ruaha Mbuyuni

Kuna kijana mmoja analima vitunguu Ruaha Mbuyuni na kuuza Iringa mjini. Anayeijua njia hiyo anajua kuwa lazima upande Kitonga, na Kitonga haina huruma na injini mbovu. Pikapu yake ilianza kufuka moshi mweusi na kupanda kwa gia ya kwanza. Gereji ya kwanza ikamwambia pampu imekufa, anunue nyingine iliyotumika. Bei aliyotajiwa ilikuwa karibu sawa na fedha alizotenga kwa mbegu na mbolea za msimu uliofuata.

Akanipigia: "Bwana shamba, niuze gari au nipunguze ekari?" Nikamjibu, hapana kijana, usiuze na usipunguze, kwanza pima. Alipofanyiwa kipimo cha kulegeza nati, moshi ulikata kwenye silinda mbili. Nozeli zote nne zikapelekwa kwa fundi mwenye mashine ya kupimia. Mbili zilikuwa zinadondosha matone badala ya kupuliza. Alibadilisha ncha za nozeli, akaweka washa mpya na filta mpya ya dizeli, na pampu ileile ikaendelea na kazi. Ekari zake zote zilipandwa.

Sisemi kwamba pampu hazifi; zinakufa. Ninachosema ni kwamba hukumu ije baada ya ushahidi.

Kwa fundi nozeli, simama uangalie

Fundi anafunga nozeli kwenye mashine yenye mkono na geji. Wewe angalia mambo manne.

*Presha ya kufunguka.* Kwa injini za zamani za pikapu kama hizi ni kati ya baa 100 na 160. Namba kamili inategemea injini yako, na iko kwenye kitabu chake. Muhimu zaidi, zote nne zilingane. Fundi anarekebisha kwa kuongeza au kupunguza vipande vyembamba vya chuma juu ya springi.

*Ukungu.* Utoke mwembamba na ulionyooka. Usiende upande mmoja, na usitoke kama mkojo.

*Kudondosha.* Presha ikishikiliwa chini kidogo ya ile ya kufunguka kwa sekunde 10, kusitokee tone kwenye ncha.

*Usafi.* Sindano na nyumba yake ni mke na mume, hazichanganywi na za nozeli nyingine. Ncha isikwanguliwe kwa waya wa chuma wala kusuguliwa kwa msasa. Ukiona fundi anafanya hivyo kwenye meza yenye mchanga, chukua nozeli zako uondoke kwa heshima.

Wakati wa kurudisha, washa za chini ya nozeli ziwe mpya, na nozeli zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu. Washa ya zamani inavujisha moto na kuunguza nozeli uliyoilipia jana. Kisha toa upepo: piga pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu, legeza nati za nozeli, piga stata mpaka dizeli itoke bila mapovu, halafu kaza zote.

Matunzo ya kila siku

- Nunua dizeli kituo chenye wateja wengi, dai risiti, na usijaze wakati lori linashusha mafuta, maana uchafu wa chini ya tangi umetibuliwa.
- Dumu la dizeli liwe la dizeli tu. Liache litulie usiku kucha, mimina kupitia kitambaa safi, na ile sehemu ya mwisho ya chini usiimimine.
- Toa maji kwenye filta kila wiki wakati wa mvua. Badilisha filta kila kilomita 10,000, na mapema zaidi kama unatumia madumu.
- Usilaze gari na tangi tupu. Unyevu wa hewa ya ndani hugeuka maji usiku. Na usikimbize gari mpaka liishiwe kabisa, litavuta takataka na upepo.
- Zile chupa za kusafishia nozeli zinaweza kulainisha masizi kidogo. Haziwezi kurudisha chuma kilicholika.
- Kabla ya kufungua nati yoyote ya mafuta, osha eneo hilo, na bomba lililofunguliwa lizibwe kwa nailoni safi.
- Zipime nozeli kwenye mashine kila kilomita 80,000 hadi 100,000 hata kama hujaona dalili. Kama hujui historia ya gari ulilonunua, zipime sasa.

Muda mzuri wa kazi hii ni wiki zile shamba linapokusubiri, mazao yakiwa bado hayajakomaa. Siku ya kuvuna soko halimsubiri mtu, na fundi akishajua una mzigo juu ya gari, bei nayo inapanda. Wiki hii fanya mawili tu: anza daftari la mafuta, na toa maji kwenye filta. Yakikuonyesha tatizo, bado una nafasi ya kulitafuta taratibu.