Mteja wa mwenzako akija kwako, nani anabeba deni?

Leo naongelea wateja wanaosafiri. Mtu umezoea kumuuzia WhatsApp ukiwa Handeni, siku akiwa Korogwe anataka mzigo huko huko, na ukimwambia asubiri anaenda kwingine. Wengi tunamwelekeza kwa muuzaji mwenzetu, basi.

Mimi hilo lilinitia hasara. Muuzaji mmoja wa Korogwe alinipigia simu, "Kuna mama anakuja huko msibani, ni mteja wangu, mhudumie." Nikampa madera sita mali kauli, 84,000. Pesa sijaiona mpaka leo. Kumuuliza aliyemtuma, akajibu, "Mimi nilikuletea mteja, sikukwambia umkopeshe." Nilikasirika sana, ila kusema ukweli hakukosea. Hatukuandikiana kitu.

Baadaye nikasoma jinsi zile klabu za wanachama tu zinavyofanya. Kenya zipo za siku nyingi: Mombasa Club ya karibu na Fort Jesus ilianza kabla ya 1900, Nairobi Club 1901, Muthaiga 1913. (Enzi za ukoloni zilikuwa za Wazungu, Mwafrika aliingia kama mtumishi.) Klabu ya namna hii inakubaliana na klabu za miji mingine, hata nchi nyingine: mwanachama wangu akisafiri kuja kwenu, mpokeeni kama wenu, na wa kwenu nitampokea.

Lakini haingii kwa kusema tu "mimi mwanachama wa fulani". Anakuja na kadi na barua ya utambulisho kutoka klabu yake. Barua inasema huyu ni wetu na hana deni kwetu. Anapewa siku za kukaa, zikiisha zimeisha. Bili analipa mwenyewe kabla ya kuondoka, na akitoroka, klabu iliyomwandikia barua ndiyo inaulizwa. Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu: mimi nilipokea jina tu, sikupokea dhamana.

Na kuna kasharti kengine nilikapenda. Klabu nyingi hazikuruhusu kutumia mpango huu kama unaishi mji ule ule. Ukiishi hapo, jiunge hapo, ulipe ada. Kwa sisi maana yake mteja anayeishi Korogwe ni wa mwenzangu. Akinunua kwangu akiwa safarini sawa, ila siendi kumwandikia inbox baadaye kumwambia kwangu bei nafuu.

Sasa nina dada mwingine wa Korogwe, tumekubaliana hivi. Mteja akisafiri, aliyemtuma anaandika meseji: jina, namba ya simu, mwisho wa kukopa 30,000, siku saba, "asipolipa nalipa mimi". Bila meseji hiyo mteja ananunua kwa cash kama mtu yeyote, hamna kuoneana haya. Mwenye deni la zamani haandikiwi kabisa.

Faida tumeachiana: anayetoa mzigo ndiye anachukua, maana leo kwangu kesho kwake. Kuna watu wanadai kamisheni, sisi tuliona italeta maneno.

Mteja wa kwanza alichukua madera mawili, akalipa siku ya tano. Wa pili alipitiliza. Siku ya nane asubuhi nikaona 28,000 imeingia kwenye simu, imetoka kwa yule dada, na mimi nilikuwa bado sijamuuliza.