Betri Inasoma Asilimia 43, Kompyuta Imezimika

Umeme umekatika, kompyuta mpakato yako inaendelea kwa betri, na alama ya chaji inasoma asilimia 43. Unaingia kwenye mkutano wa video, na kufumba na kufumbua kioo ni cheusi. Hakuna onyo, wala kazi haikuhifadhiwa. Unabonyeza kitufe, inawaka, nembo inatokea, inazimika tena. Umeme ukirudi na ukichomeka chaja, inapiga kazi kutwa nzima bila tatizo.

Ushauri wa kwanza utakaoupata mtaani ni kupiga Windows upya. Mara nyingi hiyo ni hela ya kutupa. Kompyuta inayozimika ghafla ikiwa kwenye betri tu, na kutulia ikiwa kwenye chaja, karibu kila mara ina tatizo la umeme. Na tatizo hilo linaeleweka vizuri ukishajua kwamba ile asilimia kwenye kona ya kioo ni makadirio tu.

Ndani ya betri mna chipu inayohesabu mkondo unaoingia na kutoka, kisha inakisia kilichobaki. Lakini kinachoiweka kompyuta hai ni volti. Betri nyingi za mpakato zina seli tatu au nne za lithiamu zilizounganishwa kwa kufuatana. Seli iliyojaa huwa na volti 4.2 hivi, ikishuka kukaribia 3, saketi ya ulinzi hukata umeme ili seli isiharibike. Ikikata imekata, haisubiri mtu amalizie sentensi.

Tatizo ni kwamba kila seli ina ukinzani wa ndani, na ukinzani huo huongezeka kadiri betri inavyozeeka. Volti zinazopotelea humo ni mkondo mara ukinzani. Chukua mfano wa betri ya seli tatu iliyobaki na nusu ya chaji, yenye volti 11 hivi, ambayo uzee umeipa ukinzani wa nusu omu. Ukiandika barua, kompyuta inavuta kama wati 10, yaani mkondo usiofika ampea 1. Inapotea nusu volti na hugundui lolote. Sasa fungua mkutano wa video, ongeza mwanga wa kioo hadi mwisho, programu nyingine nazo zikiendelea, ufike wati 40. Mkondo unapita ampea 4, zaidi ya volti 2 zinapotea, betri inabaki na volti zisizofika 9. Hapo kila seli imeshuka chini ya 3, na saketi inakata. Ni sawa na simtanki lililojaa nusu huku bomba lake limezibwa na kutu: maji yapo, ila ukifungulia mifereji yote kwa pamoja hayatoki ya kutosha. Mzigo ukiondoka volti hupanda tena, ndiyo maana kompyuta inakubali kuwaka kwa dakika moja kisha inazimika.

Jambo hili liliwahi kuitikisa Apple. Baadhi ya simu za iPhone zenye betri zilizochoka zilikuwa zikizimika ghafla chaji ikiwa bado ipo. Januari 2017 kampuni ilitoa iOS 10.2.1, iliyopunguza kasi ya simu hizo ili zisivute mkondo mkubwa kwa mara moja. Kuzimika kulipungua, lakini wateja hawakuelezwa waziwazi. Desemba mwaka huohuo Apple iliomba radhi na kushusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Uficho ule ulistahili lawama, lakini njia yenyewe ilikuwa sahihi, na wewe unaweza kuitumia kama kipimo. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, punguza kiwango cha juu cha prosesa hadi asilimia 60 au 70 kwa matumizi ya betri, shusha mwanga wa kioo, kisha fanya kazi ileile. Ikiacha kuzimika, mshukiwa mkuu ni ukinzani wa betri.

Angalia pia asilimia inayoonekana mara tu unapochomeka chaja baada ya kuzimika. Ikiwa ni ileile 43, volti ziliporomoka chini ya mzigo, au viunganishi vya betri vimelegea. Ikiwa imeshuka hadi 4, basi chipu ilikuwa imepotea hesabu, au seli moja imechoka kuliko wenzake. Saketi hukata pakiti nzima pale seli dhaifu kuliko zote inapogusa sakafu. Kupotea hesabu kuna tiba ya bure: jaza chaji hadi 100, iache itulie saa mbili, itumie kwa kazi nyepesi mpaka iishe, kisha ijaze bila kukatiza.

Njia nyingine ya kuiondolea Windows lawama ni kuingia bila chaja kwenye BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows kuanza, na kuiacha kompyuta hapo. Ikizimika hata hapo, Windows haihusiki. Usitishwe na tukio namba 41 la Kernel-Power kwenye kumbukumbu za mfumo. Linasema tu kwamba kompyuta ilizimika bila kufungwa, halisemi kwa nini. Na kama inazimika hata ikiwa kwenye chaja, acha betri, angalia joto na feni.

Ripoti ya afya ya betri huipati kwa fundi tu. Andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, kisha fungua faili litakaloundwa. Linganisha DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY: 48,000 dhidi ya 29,500 maana yake imebaki asilimia 61 ya uwezo wa kiwandani. Lakini ripoti haionyeshi ukinzani, hivyo betri yenye namba nzuri bado inaweza kukuangusha kwenye mkutano. Jaribio la mzigo lina uzito zaidi.

Kwetu wengi huacha mpakato kwenye chaja mwaka mzima, betri ikisubiri siku umeme utakapokatika. Chaji iliyojaa muda wote pamoja na joto ndivyo vinavyoizeesha. Kompyuta nyingi, Lenovo na Dell zikiwemo, zina mpangilio wa kuzuia chaji isipite asilimia 80, uwashe.

Pedi ya kipanya ikiinuka au mfuniko ukikataa kufunga, betri imevimba. Zima, usiibonyeze wala kuitoboa, ipeleke ikatolewe. Inaweza kuwaka moto.

Ukinunua mpya, linganisha volti na namba ya betri ya zamani, uulize tarehe ya kutengenezwa, kwa sababu betri huzeeka hata ikiwa kwenye boksi. Kabla ya kulipa, mwambie fundi achomoe chaja, afungue video mbili tatu kioo kikiwa na mwanga wote, akubali pia kwa maandishi kuipokea tena ikizimika ndani ya wiki mbili.