Daktari anayelala kitandani kabla ya mgonjwa wake

KITANDA usichokilalia hujui kunguni wake. Waliotunga methali hii hawakuwa na habari za vyuo vya udaktari vya Marekani, lakini iko aina moja ya vyuo huko ambavyo vimeifanya kuwa somo la kawaida, na somo lenyewe lina mtihani.

Hivyo ni vyuo vya osteopathi. Katika miaka miwili ya kwanza, wanafunzi wake huingia mara kwa mara katika ukumbi uliopangwa vitanda vya kuchunguzia wagonjwa, wakiwa wamevaa kaptura na fulana. Hugawanyika wawili wawili. Mmoja hulala na mwenzake humpapasa uti wa mgongo, pingili baada ya pingili, humwinua bega, humzungusha mguu na kuzihesabu mbavu zake. Kisha hubadilishana, na aliyekuwa daktari huwa mgonjwa.

Hapo hakuna maiti wala sanamu ya plastiki. Ni mwili ulio hai, tena wa mtu ambaye kesho mtakaa naye darasani na kula naye mezani.

Kwa msomaji anayelisikia jambo hili kwa mara ya kwanza, maswali ni mengi. Kwa nini wagusane wao kwa wao? Na yule asiyetaka kuguswa afanye nini? Maswali haya si ya Wamarekani peke yao. Namna mwanafunzi anavyofundishwa kumgusa mwenzake ndiyo inayojenga, au kubomoa, tabia yake siku atakaposimama kando ya kitanda cha mgonjwa asiyemjua.

FUNDI WA MIFUPA

Mwanzilishi wa tiba hii ni Andrew Taylor Still, aliyezaliwa jimbo la Virginia mwaka 1828. Alikuwa daktari wa zama ambazo wagonjwa walipewa dawa zenye zebaki na wengine kutolewa damu kwa matumaini kwamba wangepona.

Mwaka 1864, homa ya uti wa mgongo iliwaua watoto wake watatu. Hakuna dawa aliyoijua iliyowafaa. Tangu hapo aliziangalia dawa za wakati wake kwa shaka, akaugeukia mwili wenyewe: mifupa, viungo, misuli na mishipa ya damu. Mwaka 1874 alitangaza njia yake mpya, na baadaye akawa akitembea mji hadi mji akijitangaza kuwa fundi wa kuunga mifupa kwa kasi ya radi. Kwetu huku angeitwa mhazigi.

Mwaka 1892 alifungua shule katika mji wa Kirksville, jimbo la Missouri. Katika darasa lake la kwanza walikuwamo wanawake, jambo ambalo shule nyingi za udaktari za siku zile hazikulikubali.

Mengi aliyoyaamini Still yameachwa. Mhitimu wa leo wa osteopathi nchini Marekani husoma dawa, upasuaji, uzazi na maradhi ya watoto sawa na daktari mwingine yeyote, na tangu mwaka 1973 anaruhusiwa kutibu bila mipaka katika majimbo yote 50. Sean Conley, aliyekuwa daktari wa Rais Donald Trump wakati rais huyo alipougua Covid-19 mwaka 2020, ni mhitimu wa osteopathi. Katika kila wanafunzi wanne wa udaktari nchini humo, mmoja hivi yuko katika vyuo hivi.

Hapa msomaji asichanganye mambo. Nchini Uingereza, ambako kazi hii inasimamiwa na sheria ya mwaka 1993, mtaalamu wa osteopathi hutibu kwa mikono, wala jina hilo halimfanyi kuwa daktari wa kuandika dawa au kupasua. Jina ni moja lakini kazi ni mbili.

VIDOLE VINAVYOSOMA

Kinachobaki kuwatofautisha wanafunzi wa osteopathi wa Marekani na wenzao ni saa 200 hivi za mafunzo ya mikono. Hufundishwa kutafuta dalili nne: hali ya nyama chini ya ngozi kama imekaza au imevimba, upande mmoja wa mwili kutolingana na mwingine, kiungo kisichozunguka kama inavyopasa, na mahali panapouma pakiguswa.

Maneno hayo ni mepesi kuyakariri. Kazi ni kuyatafsiri kwa vidole. Kuna zoezi la zamani la kuvinoa vidole, ambapo mwanafunzi huweka unywele chini ya karatasi na kuutafuta kwa ncha ya kidole akiwa amefumba macho. Akiupata, huongeza karatasi ya pili, kisha ya tatu.

Lakini karatasi haipumui. Mwili una joto, hupumua na hushtuka ukiguswa na mkono baridi. Ndani ya darasa moja mna mnene na mwembamba, mwanariadha na asiyekimbia kabisa, aliyevunjika mtulinga utotoni na mwenye uti wa mgongo uliopinda kidogo bila yeye mwenyewe kujua. Mwanafunzi aliyepapasa migongo 30 yenye afya ndiye atakayeshtuka akikutana na mmoja wenye kasoro.

Kisha kuna elimu ya yule aliyelala. Yeye hujifunza mambo ambayo aliyesimama hayaoni. Hutambua kwamba mkono unaositasita hutia wasiwasi kuliko mkono uliotulia. Hujua ilivyo kulala kifudifudi bila kumwona anayekugusa, ukisubiri mkono usiojua utatua wapi.

Hujua pia maana ya kumkabidhi mtu shingo yako. Mojawapo ya mbinu wanazofundishwa ni kukisukuma kiungo kwa ghafla, mpaka wakati mwingine kikalia kama vidole vinavyoaliwa. Mbinu hiyo ikifanywa shingoni, ipo hatari, ingawa ni ya nadra, ya kuchanika kwa mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo. Ndiyo maana mwalimu husimama karibu, na kabla ya kujaribu mwanafunzi hutakiwa kujua ni nani asiyepaswa kufanyiwa. Anayefahamu kwamba baada ya dakika chache itakuwa zamu ya shingo yake mwenyewe hana sababu ya kuufanyia mzaha ushauri huo.

PALE AIBU INAPOINGIA

Hata hivyo, mambo si rahisi kiasi hicho. Ili kuona uti wa mgongo na mbavu, fulana huvuliwa. Wanaume hubaki kifua wazi na wanawake hubaki na sidiria za michezo. Ili kulinganisha nyonga, mwanafunzi hulazimika kuweka vidole kwenye mfupa wa kinena au karibu na makalio. Mafunzo yenyewe hayana nia mbaya, lakini mahali hapo hapaguswi na kila mtu.

Wapo wanafunzi ambao dini yao hairuhusu mwanamke kuguswa na mwanamume asiye mumewe wala ndugu yake wa karibu. Wapo wenye makovu wasiyotaka yaonekane. Wapo waliowahi kudhulumiwa kimwili, ambao mkono mgongoni huwarudisha mahali walikokimbia. Hawa wa mwisho hawataki kutoa sababu mbele ya darasa, wala haifai walazimishwe kuitoa.

Vyuo vingi huwaeleza wanafunzi tangu mwanzo kwamba watatakiwa kugusa na kuguswa. Baadhi huwaruhusu kuchagua mwenzi wa jinsia yao, kufunikwa shuka sehemu isiyochunguzwa, au kufanya somo katika chumba cha pembeni. Sehemu za siri na matiti wanafunzi hawachunguzani. Kwa somo hilo hutumiwa watu wazima waliofunzwa na wanaolipwa, ambao humwelekeza mwanafunzi huku akiwachunguza. Desturi ya kutumia watu wa kuigiza ugonjwa ilianzishwa na daktari Howard Barrows huko Los Angeles mwaka 1963.

Tafiti zilizofanywa Uingereza, Australia na New Zealand juu ya wanafunzi wa udaktari wanaochunguzana zimeonyesha jambo moja linalojirudia. Wengi hawaoni taabu kuguswa mkono, kichwa au mguu, lakini husita inapofika kifuani na kwenye nyonga, na wanawake husita zaidi ya wanaume.

Tatizo kubwa ni kwamba kusita huko mara nyingi hakusemwi. Mwalimu anayeuliza mbele ya darasa kama kuna mwenye pingamizi ndiye huyo huyo atakayetoa alama. Mwanafunzi aliyekopa fedha nyingi za karo hatainua mkono. Atalala, atakaza meno, na darasa zima litadhani amekubali. Kunyamaza si kuridhia. Chuo chenye busara humpa mwanafunzi nafasi ya kusema faraghani, mapema, kwa mtu asiyemsahihishia mtihani.

Kuna na jambo jingine. Vidole vya mwanafunzi vinaweza kugundua uvimbe au moyo usiopiga sawasawa katika mwili wa mwenzake. Aliyeingia darasani akiwa mzima hutoka akiwa na hofu. Kanuni njema ni kwamba habari hiyo haizungumzwi ukumbini, na mhusika huelekezwa kwa daktari wake badala ya kutibiwa hapo na mwalimu wake.

FAIDA IKO WAPI?

Yuko atakayeuliza kama taabu yote hii ina maana. Ni swali la haki. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya madaktari wa osteopathi waliojibu walitumia tiba ya mikono kwa wagonjwa wasiofika watano katika kila 100.

Ushahidi wa tiba yenyewe nao umegawanyika. Jaribio la Texas lililochapishwa mwaka 2013, lenye wagonjwa 455 wa maumivu ya mgongo, liliipa sifa. Jaribio la Ufaransa la mwaka 2021, lenye wagonjwa 400, lilikuta nafuu ndogo ambayo huenda mgonjwa asiihisi katika maisha yake ya kila siku.

Lakini hata daktari ambaye hatamnyoosha mgonjwa mgongo tena maishani mwake ataendelea kugusa tumbo, kifua na goti. Faida ya kudumu ni mazoea ya kusema neno kabla ya kunyosha mkono: sasa nitakugusa hapa, kwa sababu hii, je, umekubali? Maneno hayo hupita kwa urahisi mdomoni mwa aliyewahi kuyasubiri akiwa amelala.

WODI INAPOFUNDISHA KINYUME

Mazoea hayo yanaweza kupotea. Utafiti wa mwaka 2003 uliofanywa kwa wanafunzi wa vyuo vitano vya udaktari vya Philadelphia ulikuta kwamba waliokwisha kufanya mafunzo katika wodi za wanawake waliona ruhusa ya mgonjwa kuwa jambo dogo kuliko wenzao ambao hawajapita huko. Kwa maneno mengine, wodi ilikuwa ikiwafundisha kusahau adabu waliyokuja nayo.

Suala lililokuwa likichunguzwa ni zito. Kwa miaka mingi, katika baadhi ya hospitali za mafunzo za Marekani, wagonjwa waliotiwa dawa ya usingizi kwa ajili ya upasuaji walichunguzwa sehemu za siri na wanafunzi waliotaka kujifunza tu, bila wao kuulizwa. Majimbo mengi yalitunga sheria za kukomesha jambo hilo. Hatimaye, Aprili 2024, Wizara ya Afya ya Marekani iliziandikia hospitali za mafunzo na vyuo vya udaktari na kuzitaka zihakikishe kwamba mgonjwa anatoa idhini yake kwanza.

Tofauti hapo ni wazi. Mwanafunzi aliye katika ukumbi wa osteopathi anaweza kusema basi. Aliyelazwa usingizi hawezi.

KWETU JE?

Hapa Kenya hatuna haja ya kuiga osteopathi ili tuchote funzo lake. Wanafunzi wa udaktari, uuguzi na tiba ya viungo nao hujifunza kupima shinikizo la damu na kusikiliza mapafu kwa kuanzia na wenzao. Na hakuna asiyejua kwamba anayelazwa katika hospitali ya mafunzo anaweza kuzungukwa na kundi la makoti meupe asubuhi.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inasema mgonjwa asipewe huduma bila idhini aliyoitoa akiwa ameelezwa, isipokuwa katika hali maalumu kama vile dharura inayotishia maisha. Aidha, inataka maelezo hayo yatolewe kwa lugha anayoielewa. Mama aliyetoka kijijini, anayezungumziwa kwa Kiingereza juu ya kichwa chake huku mkono wa mtu asiyejitambulisha ukiwa tumboni mwake, hajaelezwa kitu, hata kama hajalalamika.

Wagonjwa wengi hawakatai kufunzia madaktari. Wanajua kwamba bila wao hakuna daktari wa kesho. Wanachotaka ni kuombwa, kuambiwa jina la anayewagusa, na kufunikwa shuka mambo yakiisha.

Nawe msomaji, siku ukilazwa, una haki ya kuuliza: huyu ni nani, na ananigusa kwa sababu gani? Usiogope kwamba utaonekana mkaidi. Mwanafunzi aliyefundwa vyema atakushukuru kwa swali hilo, na yule atakayekasirika ndiye hasa aliyehitaji kuulizwa.